UZI: Kuoka kuku wawili hadi wanne kwa mpigo mmoja – oveni, mkaa na pipa (Tanga na pwani yote)

#1 – JikoLaNgamiani (mwanzisha uzi)

Salaam wadau wa mapishi. Uzi huu ni wa wale wenye familia ya watu kumi, kumi na wawili, wanaotaka kuku wote waive pamoja na wafike kwenye sinia wakiwa wa moto, badala ya wa kwanza kupoa wakati wa pili yuko jikoni. Mtakaoongeza chochote, naomba tuweke vipimo na sababu. "Weka hadi waive" haimsaidii mtu.

Kwanza idadi. Kuku wa kisasa aliyekwisha kusafishwa, wa kilo 1.2 hadi 1.4, anatosha watu wanne wakiwa na wali na kachumbari. Watu wanane, kuku wawili. Watu kumi na wawili, watatu. Chagua wanaolingana uzito, na hili liwe sharti unaponunua. Ukichanganya wa kilo 1 na wa kilo 1.8 kwenye trei moja, mdogo atakauka kidari wakati mkubwa bado ana damu kwenye fundo la paja. Ni bora watatu wa kilo 1.3 kuliko wawili wakubwa wa kilo 2, kwa sababu wadogo wanaiva haraka na mapaja yanakuwa sita.

Adui mkubwa wa kuku wengi kwenye oveni moja ni mvuke. Kuku mmoja akitoa maji, oveni inayakausha. Watatu wakitoa maji kwa pamoja, hewa ya ndani inajaa unyevu, ngozi inabaki nyeupe na laini, na mwisho umepata kuku wa kuchemsha. Karibu kila ninachosema hapa chini kinapambana na maji hayo.

Chumvi: gramu 12 kwa kila kilo ya kuku. Kwa kuku wa kilo 1.3 ni kama vijiko vya chai viwili na nusu vya chumvi laini, vilivyosawazishwa. Mpake nje na ndani ya tumbo usiku wa kabla, mweke kwenye friji bila kumfunika, rafu ya chini kabisa, juu ya sinia lenye ukingo ili maji yasidondokee vyakula vingine. Chumvi inavuta maji juu kisha nyama inayanywa tena ikiwa imekolea, na ngozi inakauka. Asubuhi ikiwa bado ina majimaji, ifute kwa kitambaa safi au karatasi za jikoni.

Viungo vya kuku watatu (jumla kama kilo 4):
– kitunguu saumu vichwa viwili, kilichotwangwa
– tangawizi iliyotwangwa, vijiko vitatu vya chakula
– bizari nyembamba kijiko kimoja cha chakula, ikaangwe kavu kisha isagwe
– pilipili manga vijiko viwili vya chai
– bizari ya manjano kijiko kimoja cha chai
– mafuta vijiko sita vya chakula
– ndimu tatu

Ingiza kidole kati ya ngozi na nyama ya kidari, taratibu isichanike, hadi kwenye paja. Saumu na tangawizi ziingie huko CHINI ya ngozi. Juu ya ngozi yapite mafuta na viungo vikavu tu. Saumu mbichi juu ya ngozi inaungua na kuwa chungu kwenye nyuzijoto 220, na uchungu huo unafika hadi kwenye mchuzi. Ndimu kamulia saa moja tu kabla ya kuoka. Ikilala usiku mzima, asidi inaifanya nyama ya juu iwe kama unga.

Kupanga: kuku wasigusane, na wasiguse ukuta wa oveni. Acha nafasi ya vidole vitatu kati yao. Miguu ielekee nyuma ya oveni, ambako mara nyingi kuna joto zaidi, kwa kuwa paja linachelewa kuliko kidari. Usifunge miguu kwa uzi ikabana. Hewa ya moto ipite kwenye mapaja. Trei iwe fupi, kina cha sentimita 4 au 5, na ukiwa na wavu wa kuwainua, utumie.

Moto: washa oveni dakika 25 kabla, nyuzijoto 220. Unapofungua mlango na kuingiza kilo nne za nyama baridi, joto linaanguka sana, ndiyo maana tunaanza juu. Baada ya dakika 20 shusha hadi 190. Muda wa jumla:
– kuku mmoja wa kilo 1.3: dakika 60–70
– wawili: dakika 70–80
– watatu: dakika 80–95

Muda hauzidishwi mara tatu. Unafuata uzito wa kuku mkubwa kuliko wote, halafu unaongeza kidogo kwa ajili ya joto lililopotea na mvuke.

Kila baada ya dakika 35–40 toa trei, chota maji na mafuta yaliyojikusanya chini, uyamimine kwenye bakuli (ndiyo mchuzi wako huo), geuza trei ya mbele iwe nyuma, rudisha upesi. Ukiyaacha, migongo inachemka.

#2 – Mkwakwani_Dada

Shukrani sana mkuu. Swali: oveni zetu wengi ni zile za mezani, si za kusimama. Na je, viazi vinaweza kuwekwa trei hiyo hiyo chini ya kuku?

#3 – FundiMajikoTanga

Dada, nijibu la oveni.

Oveni ya mezani ya lita 30 hadi 45 inachukua kuku wawili wa kilo 1.1, si zaidi. Tatizo lake ni koili ya juu iliyo karibu mno na vidari: nje panaungua, ndani bado. Weka trei kwenye ngazi ya chini kabisa, joto lisizidi 190 tangu mwanzo, na vidari vikishapata rangi, kata kipande cha foili kinachotosha kidari tu ukilaze juu. Usifunike trei nzima, mvuke utabaki ndani.

Njia bora zaidi kwa oveni ndogo ni kumpasua kuku mgongo. Kwa mkasi wa jikoni kata upande huu na upande huu wa uti wa mgongo, uondoe kabisa, mgeuze, bonyeza kidari kwa kiganja hadi usikie mfupa wa katikati umelia. Sasa amelala bapa, yuko mbali na koili, na unene wake unakaribia kulingana. Wawili waliopasuliwa wanaiva kwa dakika 50 hivi kwenye 210. Migongo na shingo tia sufuriani na maji lita moja na nusu kwa saa moja, hiyo supu ipikie wali.

Oveni ya gesi yenye moto wa chini peke yake inaunguza migongo. Weka trei tupu ngazi moja chini ya trei ya kuku izuie moto wa moja kwa moja. Oveni yenye feni, punguza nyuzijoto 20 kwenye vipimo vya mwenye uzi, na hapo kuku wanne kwenye trei mbili wanawezekana. Oveni isiyo na feni, msijaribu trei mbili. Ya juu inapata rangi, ya chini inakaa kwenye mvuke wa ya juu.

Na msiamini namba za kwenye kitasa. Kitasa cha oveni ya bei nafuu kinaweza kukosea nyuzi 20 au 30. Kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani kinamaliza ubishi.

Wanaohofia LUKU (umeme wa kulipia kabla): oveni ya wati 2000 ikiwaka mfululizo saa moja na nusu inatumia uniti 3, na kwa kweli haiwaki mfululizo, inazima na kuwaka ikishafika joto lake. Kuoka mmoja mmoja mara tatu ndiko kunakomaliza uniti.

#4 – JikoLaNgamiani

Viazi: visikae trei ya kuku watatu. Vinatoa maji na vinajaza nafasi ya hewa. Vichemshe viive nusu, vikatwe, vipakwe yale mafuta uliyochota dakika ya 40, viingie kwenye trei yao wakati kuku wametoka wanapumzika. Oveni iko 220, dakika 25 vimekuwa vyekundu. Viazi vya Lushoto vinafaa sana kwa kazi hii.

#5 – BintiMuheza

Mbona hamjagusa kienyeji? Vipimo vyote hapo juu ni vya kisasa. Mtu akimtia jogoo wa kienyeji kwa dakika 80 atatafuna hadi Magharibi.

Kienyeji ametembea, misuli yake ina nyuzi ngumu zinazotaka maji na muda kabla ya moto mkavu. Utaratibu: weka kuku wote wazima kwenye sufuria moja kubwa, maji yawafunike, chumvi, kitunguu, tangawizi, iliki chache na kipande cha mdalasini. Yakichemka punguza moto hadi maji yawe yanacheza tu. Mtetea mchanga dakika 40, mtetea mkubwa saa moja, jogoo aliyekomaa saa moja na nusu au zaidi. Pima kwa uma kwenye paja: uingie bila kulazimisha, lakini nyama isiachane na mfupa.

Watoe, waache wapoe na ngozi ikauke kabisa kama nusu saa. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wanawatoa majini na kuwatia oveni papo hapo wakiwa wanachuruzika. Paka mafuta na viungo, oveni 210, dakika 25 hadi 30. Wameshaiva, unatafuta rangi tu. Hivyo unaweza kuwa na kisasa wawili na kienyeji mmoja mezani: kienyeji anaingia dakika 30 za mwisho.

Papai bichi linalainisha, ila kijiko kimoja cha chakula kwa kilo na lisipite saa mbili. Zaidi ya hapo nje panavurugika na ndani ni pagumu vilevile, maana halipenyi ndani.

La mwisho: kuku aliyechinjwa sasa hivi asiende jikoni sasa hivi. Nyama inakakamaa muda mfupi baada ya kuchinjwa na inahitaji kama saa nne au zaidi ilegee. Wa mchana wachinjwe jioni ya kabla, wasafishwe, walale kwenye friji na chumvi yao.

#6 – Mpishi_Makorora

Napingana kidogo na usiku kucha bila kufunika. Friji la nyumbani lina maziwa, matunda, maji ya watoto. Na hamjasema kuosha kuku kwa ndimu na maji mengi.

#7 – JikoLaNgamiani

Bi mkubwa, la friji una haki kama nafasi ni ndogo. Basi waweke kwenye beseni lenye ukingo mrefu, funika kwa kitambaa safi kilicholegea, rafu ya chini. Ngozi itakauka pungufu kidogo lakini chumvi itafanya kazi yake.

La kuosha sitarudi nyuma. Mamlaka za chakula za Marekani na Uingereza zote zinashauri kuku mbichi asioshwe, kwa sababu matone yanarusha vijidudu vya salmonela na kampilobakta kwenye sinki, vyombo na kachumbari. Ndimu haiviui. Joto ndilo linaloviua. Kuku aliyetoka sokoni na manyoya madogo na uchafu wa matumbo ni lazima asafishwe, nakubali, lakini fanya kwenye beseni lenye maji yaliyotulia, si chini ya bomba lililofunguliwa kwa nguvu. Mbabue manyoya kwenye moto, toa mapafu yaliyogandia mbavuni, mfute. Kisha osha beseni, kisu, ubao na mikono kwa sabuni kabla ya kugusa nyanya.

#8 – KaoleMkaa (Bagamoyo)

Salaam kutoka Bagamoyo. Nyumba nyingi hazina oveni hata moja, kwa hiyo niweke njia mbili za mkaa.

*Kupalia, kuku wawili.* Sufuria kubwa nene yenye kifuniko bapa. Chini tandaza mchanga mkavu uliochekechwa, sentimita 2, juu yake wavu au mawe matatu safi, kisha trei ya chuma yenye kuku. Waliopasuliwa mgongo wanakaa vizuri zaidi, hata kama wanapandana pembeni kidogo mwanzoni. Moto chini theluthi moja, juu ya kifuniko theluthi mbili. Ukipindua uwiano huo, migongo inaungua na juu hapapati rangi. Pasha sufuria tupu dakika 15 ndipo uingize. Dakika 40 badilisha makaa ya juu, fungua, chota maji, geuza trei, funika. Jumla saa moja na robo hadi saa moja na nusu. Dakika kumi za mwisho sogeza kifuniko kiache upenyo wa kidole mvuke utoke, ngozi ikauke. Sufuria nyembamba msitumie, kitako kinapinda.

*Pipa, kuku watatu hadi wanne.* Pipa la lita 200 lililopasuliwa kwa urefu. Lililobeba dawa lisitumike kabisa, na lililobeba mafuta lichomwe kwa moto wa kuni hadi rangi na harufu viishe kabla halijagusa chakula. Kuku wote wapasuliwe mgongo. Makaa kama kilo tatu, yasubiri hadi yavae majivu meupe, kisha YOTE yasukumwe upande mmoja. Upande wa pili ubaki hauna moto. Kuku wanaanza upande usio na moto, ngozi juu, mapaja yakielekea kwenye makaa, wamefunikwa na trei kubwa au nusu nyingine ya pipa. Bati la kuezekea lisitumike kufunikia, lina zinki au rangi na vikipata moto vinatoa moshi wenye sumu.

Dakika 35 hadi 40 wako karibu kuiva. Badilisha nafasi zao kila dakika 12: aliye jirani na moto aende mbali, wa mbali aje karibu. Mwisho wapeleke juu ya makaa, ngozi chini, dakika 5 hadi 8, koleo mkononi, usiondoke hapo. Mafuta yakidondoka na kuwaka, mrudishe upande wa baridi hadi mwali ulale. Usimwage maji kwenye makaa, majivu yanaruka yanakaa kwenye nyama.

Vifuu vya nazi vinawaka vikali na kuisha haraka. Vinafaa kuwashia na kuongeza nguvu mwishoni, si kubeba kazi nzima. Makumbi yanatoa moshi mwingi. Kipande kimoja kwa dakika za mwanzo kinatosha, zaidi ya hapo nyama inakuwa chungu.

Kupima moto: kiganja sentimita 10 juu ya wavu. Ukiweza kuhesabu taratibu hadi sita au saba, moto ni wa kadiri. Ukishindwa tatu, ni mkali mno.

#9 – Mkwakwani_Dada

Kaka, hapo kwenye kuiva ndipo penye hofu. Kuku wanne, unajuaje wote wameiva? Na umeme ukikatika katikati?

#10 – FundiMajikoTanga

Pima kila kuku, usipime mmoja ukawahukumia wote. Kipimajoto cha nyama kiingie kwenye paja upande wa ndani, pale linapokutana na mwili, bila kugusa mfupa. Nyuzijoto 74 au zaidi, ameiva. Aliyefika atoke, aliyebaki aendelee. Si lazima watoke pamoja.

Huna kipimajoto: toboa sehemu hiyo hiyo, majimaji yatoke meupe bila uwekundu, na goti likizungushwa litembee kwenye fundo lake bila kukaza. Wekundu karibu na mfupa kwa kuku mchanga aliyegandishwa si lazima kuwa ni ubichi, ndiyo maana kipimajoto kina thamani. Ila aliyeingia oveni akiwa bado ana barafu tumboni, huyo ni mbichi kweli. Kuku wa kilo 1.3 aliyeganda anahitaji saa 24 kwenye friji, na watatu waliorundikana kwenye mfuko mmoja wanataka zaidi. Watenganishe.

Umeme ukikatika: usifungue mlango. Ukirudi ndani ya dakika 15, ongeza dakika hizo na kumi nyingine. Usiporudi, usisubiri. Washa jiko la mkaa, kata kuku vipande, umalizie juu ya wavu. Nyama iliyoiva nusu isikae inapoa polepole.

#11 – BintiMuheza

Naomba niongezee kupaka, maana kuku watatu bila tui pwani hii ni kazi nusu. Nazi mbili zilizokomaa, tui zito peke yake, kama mililita 600. Tia sufuriani na saumu, tangawizi, bizari ya manjano nusu kijiko cha chai, pilipili mbuzi moja nzima isipasuke, chumvi. Koroga mfululizo moto mdogo, kuelekea upande mmoja, hadi lipungue karibu nusu na liweze kushika mgongo wa mwiko. Ukiacha kukoroga au moto ukiwa mkali, tui linakatika. Epua ndipo ukamulie ndimu.

Lipake dakika kumi za mwisho tu, mara mbili, ngozi ikiwa imeshakauka. Ukilipaka mapema linaungua jeusi kabla kuku hajaiva. Linalobaki mwagia juu kwenye sinia. Mkate wa kumimina au wali wa nazi, vyote vinakubali.

#12 – Mpishi_Makorora

Hapo tumeelewana. Mwenye uzi, tuwekee ratiba ya Ijumaa, watu wakitoka msikitini.

#13 – JikoLaNgamiani

Kuku watatu, oveni ya kusimama, chakula saa 8:00 mchana:

Saa 5:00 kuku watoke friji, wafutwe, viungo viingie chini ya ngozi, ndimu. Wasikae nje zaidi ya nusu saa, joto la Tanga si la kuchezea. Baada ya hapo warudishe kwenye friji hadi saa 6:00.
Saa 5:35 washa oveni 220.
Saa 6:00 waingie.
Saa 6:20 shusha hadi 190.
Saa 6:40 chota maji, geuza trei.
Saa 7:15 pima kwa mara ya kwanza, chota tena. Kama unapaka tui, anza saa 7:20.
Saa 7:30 watoke, oveni irudi 220, viazi viingie.
Saa 7:30 hadi 7:50 wapumzike kwenye ubao, bila foili. Ukiwakata mara tu wakitoka, maji yote yanabaki ubaoni.
Saa 7:50 kata. Kila kuku vipande nane: mapaja mawili, chini ya mapaja mawili, vidari viwili kila kimoja kikiwa na bawa lake, kila kidari ukigawe mara mbili. Waliotaka mapaja wamepata sita, na sita ya chini yake.

#14 – KaoleMkaa (Bagamoyo)

Na kinachobaki kisizidi saa mbili nje. Siku za kaskazi joto likipita nyuzi 32, saa moja. Usimweke kuku mzima kwenye friji akiwa wa moto, mvua nyama, itandaze kwenye chombo bapa ipoe haraka. Mifupa ya kuku watatu, kitunguu kimoja na maji lita mbili, moto mdogo saa moja na nusu, una supu ya asubuhi ya chapati.

#15 – Mkwakwani_Dada

Swali la mwisho: oveni ya mezani, kuku wawili waliopasuliwa lakini trei haitoshi wote bapa?

#16 – FundiMajikoTanga

Watenge kabisa dada. Mapaja manne pamoja na chini yake trei ya kwanza, 200, dakika 45. Dakika ya 15 ingiza vidari vyenye mfupa kwenye wavu juu yake, dakika 30 vinatosha. Kila kitu kinatoka pamoja.